Fisi Mlinda Asali na Meno Yake Magumu

Kaeni vizuri, na mwenye pipi mdomoni aiteme kwanza, maana hadithi hii inamhusu.

Ukame uliingia nyikani ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Majani yakakauka, na wanyama wanyonyeshao wakakatikiwa na maziwa. Kilichobaki ni kisima kimoja, na masega ya asali ndani ya pango. Mfalme Simba akakata shauri: asali ile ikorogwe na maji, wanyweshwe watoto tu mpaka mvua inyeshe. Mkubwa atakayedokoa, marufuku kukanyaga kisimani. Na katika ukame ule, kunyimwa kisima ni kuchimbiwa kaburi.

"Nani atalinda?" Simba akauliza, huku akijitazama kivuli, maana hakuona kingine cha kutazamwa.

Mzee Kobe akajikongoja mbele. "Nipeni mimi. Asali huozesha meno, nami sina hata moja."

"Mlinzi kibogoyo!" Fisi akadakia. "Mwizi akija utamng'ata na nini, Mzee, ufizi?"

Wanyama wakaangua kicheko. Fisi mwenyewe udenda ulikuwa unamtoka tangu neno asali litajwe. Akajitosa katikati, akapanua kinywa mpaka nzi wakaingia. "Tazameni haya! Navunja goti la nyati, kach! Meno magumu hayaozi. Hata asali ikinirukia kwa bahati mbaya, itanifanya nini?"

"Asali inarukaje, mjomba?" Sungura akauliza.

"Upepo ukivuma."

Simba akaokota jiwe, akayagonga meno ya Fisi moja baada ya jingine, ko, ko, ko, kama mtu anayechagua chungu sokoni. Akaridhika.

"Mfalme," Sungura akasema, "usitazame ugumu tu, tazama na kilichoumba jino. Chumvi ya mawe nayo ni ngumu, ukimrushia mtu unampasua kichwa. Itie majini uone kama kesho utaikuta."

"Kwani mimi nimeumbwa kwa chumvi?" Fisi akang'aka. "Nakula kiapo cha mfupa, kama wazee wetu! Kila mwezi ukiandama nitavunja mfupa mbele yenu. Nikidokoa, meno yangu yanishitaki!"

Baraza likapiga vigelegele, na kazi ikawa yake.

Mwanzo Fisi alilamba ukucha mmoja tu, ajue kama asali haijachacha. Kisha akaonja upande wa pili wa sega, maana huwezi kujua. Haukupita muda akawa analala na sega zima shavuni. "Ozeni basi, tuone," aliyaambia meno yake, na kwa kuwa hayakujibu akajua ameshinda. Maji ya watoto yakazidi kukosa utamu. Kitoto cha pundamilia kikashindwa kusimama, na Fisi akasema kinadeka.

Mwezi ukaandama, akavunja mfupa, akashangiliwa. Ukaandama tena, akavunja tena. Halafu gego lake moja likaanza kupwita, mara polepole, mara kama ngoma ya harusi. Fisi akaogopa kwelikweli. Hakuogopa maumivu peke yake. Alikiona kisima kikimponyoka.

Siku ya kiapo ilipofika tena, shavu lilikuwa limemvimba.

"Vipi shavu?" Simba akauliza.

"Upepo, mfalme."

"Umeingia shavu moja tu?"

"Lile jingine nililifunga."

Fisi akausogeza mfupa upande uliokuwa mzima. Sungura akamwahi na kata ya maji. "Ngoja, mjomba, kinywa kimekukauka. Piga funda kwanza."

Maji ya kisima yalikuwa baridi kali. Fisi alilijua hilo, lakini kukataa maji wakati wa ukame ni kujitangaza. Akafumba macho, akapiga funda. Maji yakalitafuta gego, yakaliona.

"Uuuwi! Hii-hii-hiii!"

"Unalia?" Simba akauliza.

"Nacheka!" Fisi akajibu, machozi yakimchuruzika. "Maji haya yana mzaha!"

Mfupa ukamdondoka. Simba akamkamata taya, akachungulia. Gego lina shimo jeusi, na shimoni mna nta, na katika nta amenasa nyuki mkavu, mbawa zake zote zipo.

Jino lilikuwa limemshitaki mwenyewe. Fisi akafukuzwa kisimani palepale, akatokomea porini akilia na kudai anacheka, na mpaka leo hajaamua ni lipi.

Ulinzi akapewa Mzee Kobe. "Mwizi akija utamfanyaje?" wakamuuliza. "Nitamkalia," akasema, akakaa juu ya masega. Watoto wakapata utamu wao, na kile kitoto cha pundamilia kikasimama, miguu ikitetemeka, siku ya mvua ya kwanza.

Fisi aliwekwa awachunguze wezi wa nje, wakati mwizi alikuwa kinywani mwake. Kikulacho ki nguoni mwako.