Harufu Iliyopita Juu ya Ukuta

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana mimi nilikuwa nimeshaota ndevu na nimeshaacha shule (nilifika darasa la tano, la sita likanikimbia), palikuwa na mwanamke huko Mikindani akipika udi. Jina lake Bi Siwema. Na nikisema udi, msifikirie hizo takataka mnazofukiza siku hizi nyumba ikanuka kama gari lililoungua waya. Nasema udi. Mimi pua ninayo, Mungu kanijalia. Likipikwa pilau mtaa wa tatu nawaambia bizari imezidi au imepungua, na mpishi kagombana na nani. Basi pua hii hii, siku ya kwanza kuusikia udi wa Bi Siwema, ilinyamaza.

Aliuita Karibu Ndani. Sasa sikilizeni ajabu yake: mwenye kuupika hakumkaribisha mtu ndani.

Alikuwa mjane, mtoto hana. Udi ule aliubuni mwenyewe alipotoka eda, akikosea na kumwaga, akikosea na kumwaga, miaka miwili. Ulipokubali, ikamwingia hofu ya kuibiwa. Sukari akanunua duka hili, miski duka lile, marashi akayafuata Mtwara. Mara nyingine alinunua vitu asivyovihitaji, mradi kuwapoteza maboya wachunguzi. Siku ya kupika alifunga mlango, akafunga dirisha, akasokota tambara akaziba chini ya mlango. Ukipiga hodi, anakujibu mwenyewe, kwa sauti yake.

"Hodi, Bi Siwema."

"Sipo."

"Nimekuletea futari."

"Iache hapo. Sipo."

Mwanzo watu walicheka. Mwaka wa tatu hodi zikapungua. Mwaka wa kumi mlango ule umekuwa kama ukuta, unapita tu na safari zako. Udi wake ulikuwa kwenye kila harusi, kila nyumba ya mzazi, kila chumba kilichongojea mgeni. Yeye hakuwa hata kwenye mmoja wa mikusanyiko hiyo. Atokeje? Akitoka, nani atalinda chungu?

Huyo ni wa kwanza katika watu watatu wa kisa hiki. Wa pili ni Sikitu, mwenye duka sokoni. Kila Alhamisi alikuja kupokea makopo ya udi, tena dirishani, hata yeye. Siku moja akaja si Alhamisi, anahema.

"Shangazi, kuna mwenye kiwanda mjini anauza udi anauita Karibu Ndani. Mpaka ua la kwenye kopo ni lile lile."

"Amejuaje ninavyoupika?"

"Hajui. Wa kwake unanuka sabuni. Lakini jina kalichukua, na watu wananunua jina. Twende ofisi ya majina ya biashara tukaliandikishe."

"Nikitoka, nani atalinda chungu?"

"Basi nipe kitambulisho chako niende nacho mimi."

"Na kitambulisho nacho wakikiiba?"

Sikitu akaenda peke yake. Siku mbili ndani ya basi, siku tatu kwenye foleni, akifika dirishani anaambiwa rudi kesho. Alipopewa fomu akakuta mahali pa kuandika mwenye jina. Akauma kalamu. Akaandika: Sikitu binti Ausi. Akarudi na karatasi yenye mhuri. Yule mwenye kiwanda akapelekewa barua, makopo yake yakatolewa madukani. Mimi mwenyewe nililikuta moja limegeuzwa kibatari. Sikitu akapita dirishani kwa Bi Siwema akasema, "Tumelipata jina, shangazi." Hakusema limeandikwa la nani. Na Bi Siwema hakuuliza.

Wa tatu ni Fundi Mbaruku, mshona makubazi. Huyu na Bi Siwema walikaa nyumba moja, kila mtu na upande wake, kila mtu na mlango wake. Mnazijua nyumba zetu za kale: paa moja, na kuta za ndani hazifiki paani, zinaishia pale mtu mrefu akinyoosha mkono anagusa. Bi Siwema aliziba mlango, akaziba dirisha, akaziba chini. Juu hakutazama. Miaka kumi na minane harufu inaruka ukuta na kumshukia fundi kwenye ngozi zake, naye anashona, ananyamaza.

Sasa ikaja homa ya mafua, ile iliyowalaza watu wengi. Bi Siwema alipona kila mahali isipokuwa pua. Akanusa marashi, hakuna. Akakata kitunguu, machozi yapo, harufu haipo. Akafungua dumu la mafuta ya taa akaliinamia, hakuna. Na yeye hakuwa na kipimo wala kijiko. Sukari ya udi aliiepua kwa pua, pale inapotaka kuungua na haijaungua. Akapika, ikaungua. Akapika tena, ikawa mbichi. Makopo yakarudishwa. Daktari akamwambia pua huenda ikarudi, huenda isirudi. Miezi minne akakaa ndani na jambo hilo, hakumwambia mtu mwingine. Angemwambia nani?

Mpaka alasiri moja. Bi Siwema amekaa kitandani, chungu kikavu, akasikia vishindo barazani. Wanawake wa mtaa, wengi, wanacheka.

"Hodi, Bi Siwema. Umepona?"

Akataka kusema sipo. Akafungua.

"Kwani mmesikia nini?"

"Karibu Ndani, mwenzetu. Mtaa mzima umejaa. Wewe husikii?"

"Sisikii," akasema. "Wala sijapika."

Wakatazamana. Wakaifuata harufu, hatua sita tu, mpaka mlango wa pili. Fundi Mbaruku amechutama kwenye seredani ya makaa, chungu kinatokota katikati ya vipande vya ngozi, na wala hakuona haya.

Kesi ikaenda kwa Nandonde, mwenyekiti wa mtaa. Mtaa wote ulikuwepo, nami nilikaa mbele, maana jambo la pua halikatwi bila mimi.

Bi Siwema akasema, "Mwenyekiti, udi ni wangu. Nimeutoa tumboni kama mtoto. Nataka usipikwe na yeyote mpaka pua yangu irudi."

"Na isiporudi, bibi?"

"Basi tutakwenda wote wawili, mimi na udi."

Fundi Mbaruku akasema, "Mimi sikutoboa ukuta. Sikupanda juu. Kilichokuja kwangu kilikuja chenyewe. Tangu mke wangu aondoke, harufu ile ndiyo iliyokuwa ikiingia kwangu kila juma bila kuitwa. Ilipokatika miezi minne, nilikuwa nashona nasikia sindano tu. Nikapika. Sijauza hata kipande."

"Mwongo," Bi Siwema akasema. "Utaupikaje? Utaje."

Fundi akataja. Vipande vya udi, sukari, marashi, miski, ambari. Watu wakaguna, hivyo hata mtoto anavijua. Kisha akasema, "Na ganda la chenza, lililokaushwa kivulini."

Bi Siwema akainua uso.

"Chenza umetia kabla ya miski au baada?"

"Baada."

"Kisha ukafunika?"

"Nikafunika nusu. Ukifunika chote inakuwa na uchungu."

"Inakuwa na uchungu, eh. Mimi ilinichukua mwaka mzima kulijua hilo." Akamsogelea na kigoda chake. "Na sukari, siku ya mvua?"

"Siku ya mvua inataka moto mdogo. Mwaka juzi, ile masika kubwa, uliikosea mara mbili."

"Mara tatu," Bi Siwema akasema, na akacheka. Wallahi alicheka, nami sijawahi kumwona akicheka. Wakaendelea hivyo, wamesahau kesi, mpaka mwenyekiti akakohoa. Hapo uso wa Bi Siwema ukajifunga tena, akarudisha kigoda.

Sikitu naye akasimama na karatasi yake, akaikunjua. "Wazee, jina ni langu kwa mhuri." Minong'ono. Akamgeukia Bi Siwema, sauti imeshuka. "Shangazi, nilikuomba kitambulisho ukaninyima. Ningefanyaje? Ningerudi mikono mitupu, leo tungekuwa tunafukiza sabuni. Lakini jina lisipotumika wanaliondoa kwenye daftari, na yule wa kiwanda anangoja hapo. Nataka fundi apike, mimi niuze, na wewe usikose chochote."

"Nisikose chochote," Bi Siwema akasema. "Watu wamekuja mlangoni kwangu kwa harufu, nikawa mimi peke yangu sisikii kitu. Wanasema umepona, umepona. Akipika huyu, mtasema tena Bi Siwema, Bi Siwema, na mimi sipo."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti akaweka mbele kopo tupu la udi, lisilo na jina. Akafuta jasho. Akasema, "Huyu hapa," akaninyooshea mimi kidole, "kila siku anajisifu pua. Akate yeye."

Nikasema, naam, naomba kidogo nikajisaidie. Nikatokea mlango wa uani, na kesi ile sijairudia mpaka leo.

Lakini nilipita kwenye nyumba yao. Mlango wa Bi Siwema ulikuwa wazi, aliusahau alipotoka kwenda kwenye kesi. Lile tambara lake limelala kizingitini, halizibi kitu. Nikasimama, nikapiga hodi, mazoea tu. Hakuna aliyesema sipo.

Basi mimi nimeshakimbia, nanyi mmekaa. Aliyeubuni udi anataka ufe naye. Aliyeunusa miaka kumi na minane anataka upikwe. Aliyelipigania jina anataka uuzwe. Kopo liko pale mbele ya mwenyekiti, tupu. Je, nani alistahili kusema lijazwe au liachwe?