Kiraka cha Kaki

"Elfu themanini? Kwa koti la mtumba? Mama, utani huo kamfanyie mumeo!"

Ndivyo alivyofoka bwana mmoja sokoni, ndugu zangu, katika mji mmoja wa baridi, mbele ya mama muuza nguo. Chini, juu ya turubai, nguo zilikuwa zimemwagwa rundo zima: chagua yoyote, elfu mbili. Koti moja tu la sufu lilitundikwa peke yake kwenye msumari, limepigwa pasi.

"Mtumba uko hapo chini, bosi," mama akasema. "Hili ni la kale."

"Tofauti iko wapi? Yote yana jasho la watu wengine!"

Mama akalitungua koti, akaligeuza ndani nje. "Vua hiyo miwani ya jua, utazame. Hapa kwenye mshono fundi aliacha kitambaa cha akiba, ili mwenyewe akinenepa lipanuliwe. Unaona alama za sindano? Limepanuliwa mara mbili. Na hapa likapunguzwa. Nadhani aliugua, akakonda. Haya, geuza nje, pitisha kidole begani. Unalisikia tundu?"

"Silisikii."

"Lipo. Limezibwa uzi kwa uzi. Mimi mwenyewe nimeligundua wiki ya pili, na nguo ndiyo kazi yangu."

Bwana akapitisha kidole tena, polepole, kama anayegusa uso wa mtoto aliyelala. Hasira ikamwisha. Waliokuwa wakichambua rundo nao wakaacha. Jamani, mmewahi kusimama mbele ya kitu kilichopendwa miaka thelathini? Unashusha sauti bila kuambiwa na mtu.

"Hizo za chini watu walizichoka," mama akasema. "Hili kuna mtu hakulichoka. Ndiyo tofauti, basi."

Bwana akatia mkono mfuko wa ndani. Akasita. Akauvuta mfuko nje, na humo mlikuwa na kiraka cha kaki chenye doa la wino.

Alilijua lile doa. Alichapwa kwa sababu yake darasa la tatu. Kaptura yake ya shule ilipochakaa, mama yake aliikata, akazibia mfuko wa koti la baba.

"Mama," akasema, "hili ni koti la baba yangu. Limefikaje hapa?"

"Nimelinunua kwa wale wanaopita majumbani na vyombo, wanaobadilisha na nguo kuukuu."

Akakumbuka. Baba alitangulia, na mama yake akabaki na lile koti mpaka naye akafa. Baada ya msiba nyumba ilisafishwa haraka haraka. Kwa nguo za wazee walipewa beseni. La bluu. Bado liko bafuni kwake.

"Basi nirudishie, mama yangu. Ni letu."

"Lilikuwa lenu. Elfu themanini."

Mnacheka? Msicheke! Mimi sijui kuremba maneno. Koti ni lile lile. Kwa mtoto wa nyumba lilikuwa takataka, kwa mgeni likawa hazina. Miaka peke yake ingelifanya kuwa tambara. Mikono iliyolitunza ndiyo iliyolipatia bei.

Na sisi je? Mungu ametupanua tulipokua. Ametupunguza tulipougua, tusipotee ndani ya maisha yetu wenyewe. Matundu yetu ameyaziba kwa uzi ambao hata wewe mwenyewe ukijipapasa huuoni. Miaka yote hii hajatuchoka! Nikilifikiria jambo hilo alfajiri nakaa kitandani, nashindwa hata kuvaa viatu. Sisi ni nani hata tushonwe hivyo?

Halafu tukitoka hapa tunafanya nini? Sala tuliyofundishwa magotini mwa mama tumeibadilisha na beseni. Mzee aliyetulea tumemweka chumba cha nyuma pamoja na magunia, tunamwita mzigo, na wageni wakija tunafunga mlango. Au nasema uongo? Nyamazeni tu, najua nimefika.

Usinitolee bahasha ya sadaka leo. Kuna mtu nyumbani kwako ambaye umemchoka. Aliyekushona wewe hajakuchoka. Unadaiwa matunzo. Lipa.