Chatu Aliyechota Jua

Paukwa!

Pakawa!

Mkubwa na asikie, na aliye mgongoni mwa mama yake naye asikie.

Hapo zamani za kale kulikuwa na kichuguu kimoja chenye mashimo mawili. Muhanga aliyachimba, akala mchwa wake, akahama. Shimo la kwanza akaingia Ngiri na watoto wake watatu. Shimo la pili akaingia Chatu.

Chatu akataga mayai. Akataga, akataga, yakafika arobaini. Akayazungushia mwili wake wote, akaweka kichwa juu. Kimya.

Mlango wa shimo ulitazama magharibi. Asubuhi Chatu alitoka, swaa, swaa, akazunguka upande wa pili wa kichuguu, akajinyoosha juani. Jua lilipokuwa kali, akarudi ndani. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia. Ngozi yake ikawa nyeusi kama chungu cha siku nyingi.

Ngiri alikuwa akipita na watoto wake, mikia juu, ti ti ti ti. Akasimama mbali, maana chatu ni chatu.

"Jirani, hujambo?"

"Sijambo, jirani."

"Leo tena juani?"

"Leo tena."

"Na mayai?"

"Yamo ndani. Nachota jua niyapelekee."

Ngiri akacheka. "Jua linachotwa? Na mtungi uko wapi?"

Chatu akajigeuza ubavu. Alikuwa akipata moto.

Jambo hilo halikumwingia Ngiri akilini. Yeye watoto wake aliwalaza tumboni, wakanyonya, wakampiga mateke. Huyu mwenzake hapiki, hali, anaota jua tu. Akaenda mtoni kunywa maji. Akamkuta Kenge.

"Mama Ngiri, habari za kwenu?"

"Nzuri. Ila yule jirani yangu. Ametaga mayai arobaini, ameyatupa shimoni, yeye yuko juani."

"Muda mrefu?"

"Jua likichomoza mpaka likaribie utosini."

"Maskini mayai," Kenge akasema. Akaondoka upesi kuliko alivyozoea.

Ngiri akanywa funda moja. Akanywa la pili. La tatu akalitema. Kenge anakula nini? Kenge anakula mayai.

Akakimbia, mkia juu. Alipofika, Chatu alikuwa palepale juani. Mlangoni pa shimo kulikuwa na alama ya mkia mrefu, ikiingia ndani. Haikutoka.

Ngiri akasita. Akisema, Chatu atauliza Kenge aliambiwa na nani. Akinyamaza, mayai yataliwa.

"Jirani," akasema, "Kenge yumo kwako. Nilimwambia mimi."

Chatu akazunguka kichuguu upesi. Aliingia, swaa.

"Wewe una miezi miwili hujala," sauti ya Kenge ikatoka ndani. "Utanifanya nini?"

Lakini Chatu alikuwa na moto wa jua mwilini, na chatu mwenye moto ni mwepesi. Hana sumu. Yeye hukaba. Kenge akishusha pumzi, Chatu anabana. Akishusha tena, anabana tena. Mkia ukapiga udongo, pu, pu. Pu. Kisha kimya.

"Jirani, ingia."

Ngiri akaingia kinyumenyume, kama ngiri wanavyoingia, uso ukibaki mlangoni.

"Amekula matatu," Chatu akasema. "Yaliyobaki yaguse."

Ngiri akanyoosha mguu wa nyuma. Ukuta ulikuwa baridi. Udongo ulikuwa baridi. Mayai yalikuwa na joto, joto la tumbo la mtoto aliyelala.

"Kumbe linachotwa," Ngiri akasema.

"Linachotwa."

Chatu hakumla Kenge, kwa sababu akiatamia hali chakula. Ngiri alimburuta nje mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila asubuhi Chatu alikwenda juani, na Ngiri alikaa mlangoni.

Siku zikafika, mayai yakapasuka. Vichatu thelathini na saba. Mchana vilitoka kuota jua, jioni vilirudi kulala katikati ya mwili wa mama yao. Siku kumi hivi. Kisha kila kimoja kikashika njia yake.

Jioni hiyo Chatu akaita, "Jirani."

"Naam."

"Umenilindia mlango, nashukuru. Sasa ulezi umekwisha, na tumbo langu limekumbuka njaa. Kesho nitawinda, na nitaanzia upande huu wa mto."

Ngiri akawatazama watoto wake watatu. Walikuwa wamenenepa.

"Umesema vizuri, jirani," akajibu.

Hakungoja kesho. Mikia minne juu, ti ti ti ti, wakavuka mto. Asubuhi Chatu naye akatoka kuwinda, asirudi tena.

Ndiyo maana tunasema: usimhukumu mlezi kwa mahali alipolala, gusa kwanza anachokilea, uone kama kina joto. Na kama umemponza mwenzako kwa maneno, mwambie mapema.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mashimo mawili matupu. Atakayetaka kulala humo, achungulie kwanza.