Saa Sita ya Kwembeu

Hapo zamani, na wala sisemi zile zamani za masultani na majini, nasema zamani ya juzi tu, ambayo baadhi yenu mliiishi na sasa mnajifanya mmeisahau, palikuwa na shule ya bweni huko milimani ikiitwa Kwembeu. Ilikuwa na watoto mia nne. Mia nne, jamani! Wakipiga mswaki asubuhi, bomba lilikauka. Wakiimba, mbuzi wa bonde la pili waliacha kula wakasikiliza.

Na shule ile ilikuwa na kengele. Msifikirie hizi za kubonyeza ukutani. Ilikuwa kipande cha reli, kilipandishwa kwa lori kutoka Mombo, kikatundikwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi mbele ya ofisi. Aliyekigonga ni Mzee Singano. Aligonga ya kuamka, aligonga ya uji, aligonga ya darasa, aligonga ya chakula, aligonga ya bustani, aligonga ya kulala, miaka thelathini na mmoja. Wanawake mashambani wakisikia ya saa sita walitua majembe. Hata mwenye saa yake ya mkononi aliirekebisha kwa kengele ya Singano.

Jikoni alikuwapo Bi Mwantumu, mpishi wa makande. Wazazi wa Kwembeu walileta debe la mahindi na debe la maharage kila muhula, kwa hiyo makande ndicho kilikuwa chakula, na hakuna aliyelalamika. Yule mama aliwasha kuni kabla ya mapambazuko, akaacha moto wa taratibu ufanye kazi yake. Mahindi ya milimani ni magumu, na kule baridi sana. Aliyaloweka usiku kucha, msinifundishe, na bado yalitaka saa sita motoni.

Ofisini alikuwapo karani, Nakiete, binti wa Kipare. Huyu alisomea pale pale Kwembeu, akala makande yale yale miaka saba, akaenda kusoma mjini, akarudi kuajiriwa. Yeye ndiye aliyeshika daftari la mahudhurio: nani kaingia saa ngapi, nani katoka saa ngapi.

Basi ikajengwa shule ya kutwa bondeni. Ikajengwa nyingine ng'ambo ya mto. Wazazi wakaona kumbe mtoto anaweza kusoma na kulala kwao. Bweni moja likafungwa, la pili likageuzwa stoo. Mia nne wakawa mia mbili, mia mbili wakawa themanini. Mzee Singano akigonga ya asubuhi, uwanja uliokuwa ukijaa vumbi la miguu sasa ulibaki na umande wake. Iliuma, nisiwafiche.

Bodi ya shule ikakaa. Mwalimu mkuu akawaita wale watatu.

"Hatumfukuzi mtu," akasema. "Ila kazi imepungua, na saa zitapungua. Mtaingia saa moja asubuhi, mtatoka saa sita mchana. Mshahara utakuwa wa nusu siku. Kwa zile saa mlizopoteza, Mfuko wa Wafanyakazi utawapa fidia kidogo."

Fidia ile wenyewe wakaiita kiraka, kwa kuwa iliziba tundu la mshahara. Kwa Singano kiraka kilikuwa dawa ya sukari ya mkewe. Kwa Bi Mwantumu kilikuwa wajukuu wawili alioachiwa na marehemu bintiye. Kwa Nakiete kilikuwa ada ya masomo yake ya jioni, ambayo bila hayo angebaki karani mpaka nywele ziwe nyeupe.

Lakini kiraka kilikuja na sharti. Anayekipokea asifanye kazi baada ya saa sita. Akizidisha hata saa moja, kinakatwa na hakirudi. Mfuko ulisema hivi: "Kama kazi ya mchana ipo, shule iilipe. Sisi tunamlipa aliyekosa kazi, hatumlipi anayeifanya bure." Na tusiwaseme vibaya, maana neno hilo lina haki ndani yake.

Kuanzia siku hiyo, mchana na jioni mwalimu wa zamu akawa anapuliza filimbi. Filimbi! Kwa Singano lile lilikuwa tusi. Alikuwa akifika nyumbani mchana kweupe, anakaa barazani, anasikia kile kisauti kikilia kama kifaranga kilichopotea, anaingia ndani na kufunga mlango.

Sasa hesabuni wenyewe. Mpishi anaingia saa moja. Makande yanataka saa sita motoni. Anatakiwa aondoke saa sita mchana. Walimu wako darasani, watoto wako darasani; nani asimame na mwiko?

Siku ya kwanza Bi Mwantumu alitii sheria. Saa sita kamili alivuta kuni, akafunika sufuria, akajifunga kanga, akaenda zake huku akilia. Watoto wakala mahindi magumu mchana, na jioni wakala yale yale yaliyopashwa moto. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne binti mmoja mdogo wa darasa la tatu alibebwa mgongoni mpaka zahanati, tumbo limemfunga.

Siku ya tano Bi Mwantumu hakuondoka. Nakiete akamfuata jikoni, daftari mkononi. Mzee Singano alikuwapo mlangoni, alikuja kuomba kaa la kuwashia kiko.

"Shikamoo mama. Saa sita imepita."

"Marahaba mwanangu. Imepita huko ofisini. Humu kwenye sufuria bado."

"Mama, nikiandika umetoka saa saba, kiraka chako kimekwenda. Na wale wajukuu?"

"Leo niandikie nimeondoka, maana hata moto nautoa. Lakini kesho andika utakachokiona. Mimi siwezi kuwalisha watoto wa watu mawe."

Singano alichukua kaa lake akatoka. Ila kiko hakukiwasha.

Kesho yake saa sita ilifika, na Singano alikuwa ameketi chini ya mkaratusi, nyundo mapajani. Jua likasimama utosini, naye hakunyanyuka. Alikuwa akinusa. Miaka yote ile ya kukaa hatua thelathini kutoka jikoni ilikuwa imemfundisha jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua: makande yakiwa mabichi moshi wake unanuka maharage, yakiiva unanuka mahindi. Alinusa maharage, akakaa. Alinusa maharage, akakaa. Aliponusa mahindi, akasimama, akagonga kengele ya saa sita. Ilikuwa saa saba.

Ofisini Nakiete aliisikia. Akatazama mkono wake wenye saa, akatazama daftari, akatazama tena mkono. Kisha akavua ile saa akaitia kwenye droo, akaandika: Bi Mwantumu, ametoka kengele ya saa sita. Mzee Singano, ametoka kengele ya saa sita. Nakiete, ametoka kengele ya saa sita.

Siku ile watoto walikula wakaramba sahani. Na siku ya pili hivyo hivyo. Na siku ya tatu hivyo hivyo. Muhula mzima ukapita, saa sita ya Kwembeu ikija saa saba, na hakuna kati yao watatu aliyewahi kumwambia mwenziwe neno juu yake. Mwalimu mkuu akiulizwa, alisema yeye anafuata kengele. Huko mashambani wanawake walilima wakachoka. "Mbona siku hizi asubuhi ndefu?" mmoja anauliza. "Uzee huo, shoga," mwenziwe anamjibu. Waliotambua walinyamaza, kwani watoto waliokuwa wakishiba ni wa kwao.

Na Mzee Singano, jamani, alikuwa na furaha ambayo hakuthubutu kuisema. Ile saa moja ilikuwa kama imekatwa kutoka miaka ile mingine. Anakaa chini ya mti wake, moshi unapita, madarasani wanasoma kwa sauti, Bi Mwantumu anaimba jikoni, taipureta ya Nakiete inagonga. Akifumba macho anawaona wote mia nne wakitoka mbio, sahani za bati zinagongana, yule wa kwanza kwenye foleni anapiga kelele za ushindi. Anamwona mkewe kijana, anapita na mtungi, anamkonyeza. Aliipenda saa ile kuliko kitu chochote kilichobaki duniani.

Ndipo akaja mkaguzi wa Mfuko, Bwana Lwambano, mtu wa Iringa, mpole, mwenye mkoba wa ngozi. Akapewa kiti barazani mwa ofisi. Akakaa akisoma daftari, akaona kila kitu kiko safi. Mara msikitini kijijini ikaadhiniwa adhuhuri. Mkaguzi akainua kichwa.

"Mzee, kengele ya saa sita umeshagonga?"

"Bado, bwana."

"Adhana ya adhuhuri imekwisha, na saa sita bado haijafika?"

Singano aliinua pua, akanusa moshi. Mkaguzi alikunja miguu akangoja, mpaka Singano akasimama, akagonga. Mkaguzi akatazama saa yake, kisha akasimama akaenda jikoni kuonja makande.

Watoto walipokwisha kula akawaita wale watatu bwaloni.

"Nimekula vizuri, na ninasikitika," akasema. "Nyote mmezidisha saa. Lakini fomu hii ina mstari mmoja tu. Inauliza nani aliyesababisha saa zizidi. Huyo ndiye anayekatwa kiraka. Waliomfuata wanapewa onyo. Nitajieni jina."

Mzee Singano alitaka kusema. Wallahi alitaka. Lakini aliiona akilini chupa ya dawa ya mkewe, imebaki robo. Akatumaini mwingine aanze, na aliona haya kwa kutumaini hivyo.

Bi Mwantumu akaanza.

"Niandike mimi. Bila sufuria yangu, nani angeigusa kengele? Nilimwambia huyu binti mbele ya mzee kwamba siondoki. Niliwatia mtegoni, maana nilijua wana huruma. Huyu alitaka kunilinda, na huyu alitaka kunilinda. Wa kulindwa ndiye mwenye kosa."

Nakiete akasema, "Mama, si hivyo. Bwana mkaguzi, kupika si kosa, na kengele haikuandika daftari. Mimi ndiye niliyekuwa na saa mkononi nikaivua. Mama alifuata sufuria, baba akafuata huruma yake. Mimi nilijua ni uongo nikautia sahihi kila siku. Nilikula jikoni pale miaka saba, nikashindwa kumwandika aliyenilisha. Basi niandike mimi."

Wote wakamtazama Singano. Naye akavua kofia.

"Hawa wametaja huruma," akasema. "Hata mimi siku ya kwanza ilikuwa huruma. Lakini kuna siku moja, mwezi wa pili, kuni zilikuwa kavu, makande yakaiva mapema. Saa sita ya kweli ilikuwa haijafika. Nilinusa mahindi. Nilijua yameiva. Ningegonga kwa wakati wake, na sote tungekwenda nyumbani bila kosa. Sikugonga. Nilikaa mpaka saa saba, nikimsikiliza mama anaimba na watoto wanasoma, kwa kuwa sikutaka kwenda nyumbani. Siku ile sikuiba kwa ajili ya mtoto yeyote. Nilijiibia mwenyewe saa moja ya zamani. Na baada ya hapo nilifanya hivyo tena na tena. Niandike mimi, bwana."

Alidhani wenzake wangemgeukia kwa hasira. Bi Mwantumu alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kaka Singano," akasema, "mimi ndiye mpishi. Unadhani sikujua yameiva? Nilivuta kuni nje, nikaendelea kuimba."

"Nami dirishani niliwaona nyote wawili mmekaa," Nakiete akasema taratibu. "Sikuwa na cha kuchapa siku ile. Nilikuwa nachapa karatasi tupu."

Bwana Lwambano akawatazama mmoja mmoja. Fomu iko mezani, mstari ni mmoja, na gari linamngoja nje. Akafungua kalamu yake, akaishusha mpaka ikagusa karatasi, na hapo ndipo ninapomwacha, maana wanaosimulia wengine husema aliandika jina hili, wengine husema lile, na mimi sikuwapo.

Haya, ninyi mnaonisikiliza. Yuko mama asiyekubali kuondoka kwenye sufuria. Yuko binti aliyejua ukweli akaandika uongo. Yuko mzee aliyeisogeza saa kwa huruma, kisha akaishikilia kwa mapenzi. Mtu mmoja lazima arudi nyumbani leo bila kiraka. Msinitazame mimi, tazamaneni. Kalamu iko mkononi mwenu: mnaandika jina la nani?