Kadhi Aliyekataa Kuapa

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, ya kwamba katika mji mmoja wa milimani, nchi ya Yemeni, alikuwako kadhi mcha Mungu akiitwa Mutarrif. Mkewe, Bibi Lubaba, alifariki dunia bila kumwachia mtoto. Alimwachia bustani ndogo aliyompa kwa hiba alipokuwa hai. Ndani yake mlikuwa na mkomamanga alioupanda kwa mkono wake, vichaka vya rehani, na jiwe alilozoea kulikalia akitia udhu.

Kila alasiri, baada ya kufunga baraza la hukumu, Kadhi Mutarrif alikwenda bustanini. Jiwe lile hakulikalia. Aliketi chini kando yake, kama mtu aliyemwachia mwenziwe nafasi, akaleta nyiradi zake polepole. Upepo ulipotikisa rehani, ilimjia harufu ya nguo za Lubaba, naye alifumba macho asije akaona kwamba hayupo.

Asubuhi moja askari walimleta barazani mtengeneza ngozi aitwaye Jundub, mtu wa maneno makali, wakasema wamemkuta akibomoa ukuta wa bustani ile.

"Mbona unabomoa ukuta wa watu?" Kadhi akamwuliza.

"Wa watu gani? Ni wangu. Baba yangu alimwazima baba wa mkeo mahali pale alime. Wakafa wote wawili, nanyi mkakaa kimya."

"Kama una haki, kwa nini hukushitaki?"

Jundub akacheka kwa uchungu. "Ningeshitaki wapi, Sheikh? Kwako?"

Watu wakainamisha nyuso. Siku zote Kadhi aliamini kuwa mlango wake u wazi kwa kila mja, na kumbe alikuwako mmoja asiye na pa kubisha hodi.

Akamfungua Jundub, kisha akaenda kwa liwali kumwomba amlete kadhi wa mji mwingine. Liwali akastaajabu. "Mtu mwenyewe hana hata shahidi. Mfukuze, mambo yaishe."

"Nikimfukuza yataisha kwangu, Liwali. Kwake hayataisha."

Akaletwa Kadhi Hibban, mzee mnene mwenye mzaha. Siku ya shauri, Mutarrif alipoingia, miguu yake kwa mazoea ilimpeleka moja kwa moja kwenye mto wa hakimu.

"Ndugu yangu," Hibban akasema, "mto huo leo una mwenyewe. Kaa mkekani na mwenzako. Kama harufu ya ngozi inakukera, vumilia. Yeye naye anauvumilia udi wako."

Watu wakacheka, hata Jundub akatabasamu. Mutarrif akaketi mkekani, magoti yao yakagusana.

Jundub akaeleza dai lake. Alipoulizwa mashahidi, akasema wote wamekwisha kufa. Hibban akamgeukia Mutarrif. "Sheria waijua kunishinda. Mdai hana shahidi, basi mdaiwa ataapa. Apa kwa Jina la Mwenyezi Mungu kwamba bustani haikuwa ya kuazimwa, uende zako."

Mutarrif akafungua kinywa. Aliliona jiwe, akauona mkomamanga umeanza kutoa maua. Akaisikia sauti ya Lubaba ikimwambia, kama alivyomwambia zamani, kwamba baba yake aliinunua bustani ile kwa halali. Hakuwahi kumjua kwa uongo, hata wa utani. Lakini palepale akalikumbuka swali ambalo yeye mwenyewe alimwuliza kila shahidi aliyesimama mbele yake: uliona, au uliambiwa?

Akafumba kinywa.

"Siapi," akasema.

Hibban akamwinamia. "Wako wanazuoni wanaosema dhana yenye nguvu yatosha."

"Angekuwa mtu mwingine ningemkubalia. Mimi nitakuwa nimeapa ili niendelee kukaa pale alasiri. Lubaba alisema alichoambiwa na baba yake. Mimi sikuona kitu."

Kwa kuwa mdaiwa amekataa kuapa, kiapo kikamrudia mdai, Jundub. Ukali wote ukamtoka usoni. Kisha akaapa kwamba alikuwa mdogo, ameshika nguo ya baba yake, akamwona akimkabidhi baba wa Lubaba ufunguo na kumwambia, "Lima, nitakaporudi safari utanirudishia." Hibban akahukumu, na bustani ikawa ya Jundub.

Nje ya baraza Jundub akamfuata mbiombio. "Sheikh, mimi nilitaka changu, sikutaka kukufukuza. Jiwe la marehemu halitaguswa. Njoo ukae kama ulivyozoea."

Hakuna kitu Mutarrif alichokitamani duniani kuliko neno lile.

"Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini kesho mtu atakushitaki kwangu. Nitamtazamaje, nami nimetoka kivulini kwako?"

"Basi yakiiva, nikuletee walau komamanga moja."

"Hilo ndilo kabisa usilete," akasema, akatabasamu huku machozi yanamlenga.

Haikupita muda, alikuja barazani mjane mmoja kumshitaki shemeji wa liwali, aliyemnyang'anya maji ya shamba lake. Kadhi akamwuliza kwa nini hakuja mapema. Mjane akajibu, "Nilikuwa naogopa. Sasa nimesikia kwamba hapa hata kadhi hushindwa." Akasikilizwa, na maji yake yakarudi.

Tangu hapo Kadhi Mutarrif alirudi nyumbani kwa njia inayopita nyuma ya bustani. Hakusimama ukutani, ila alipofika pale alipunguza mwendo. Upande wa pili alisikia ndoo ya Jundub ikimwaga maji, na rehani ikanukia. Wanasema alikuwa akiomba dua moja tu mahali pale, kwamba Mola amkutanishe na Lubaba katika bustani isiyo na mdai.

Ndugu zangu katika imani, tunapomwomba Mola atupe mahakimu waadilifu, tukumbuke kuwa uadilifu huo siku moja utatugusa na sisi, mahali tunapopapenda kuliko pote. Aliyefiwa anajua uzito wa alichokiacha mja yule. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na mkewe, na awakutanishe waliotengana. Amin.