Waya Mweusi Chini ya Gari la Dafrosa

Mtu akiibiwa, macho yake huruka ua na kutua kwa jirani. Ni nadra ayainamishe na kuanza kuikung'uta shuka anayojifunika mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa Dafrosa, mjane wa Kipalapala. Aliishi na mama yake, Bibi Koleta, na mdogo wake Raymundi, aliyemlea tangu utotoni na kumjengea kibanda cha kinyozi kando ya ua.

Dafrosa alikuwa na gari dogo la kusombea asali kutoka vijijini. Mwaka huo gari lilianza vitimbi. Jioni aliliegesha kwenye ukuta wa kibanda likiwa zima kabisa; asubuhi akiwasha, stata hugonga mara moja, kisha kimya kama maji ya mtungini. Alinunua betri mpya. Nayo haikudumu.

"Dada, sikutaka kusema," Raymundi alimwambia, "lakini nimemwona Masolwa akilizungukazunguka gari."

Masolwa alikuwa jirani yao, mfugaji aliyehamia kutoka Ziba. Dafrosa hakuuliza mara mbili. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, na mbele ya majirani akamwita Masolwa mwizi wa moto wa betri. Masolwa, mwanawe Kulwa na wadogo zake wakiwa wamemshika shati, aliapa kwamba hajawahi kugusa gari la mtu. Raymundi alisimama kando ya dada yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Ikafika siku ya Bibi Koleta kupasuliwa mtoto wa jicho huko Nzega, kwa madaktari waliopita kwa siku moja tu. Gari halikuwaka. Walipopata usafiri mwingine na kufika, madaktari walikuwa wamekwisha kuondoka. Bibi alirudi akiongozwa kwa mkono, bila kunung'unika. Jambo hilo lilimchoma Dafrosa kama mkuki.

Jumapili baada ya misa alimpigia simu fundi mmoja wa Nzega.

"Zima kila kitu," fundi alimwelekeza, "kisha utoe waya wa hasi kwenye betri. Weka taa ndogo kati ya betri na huo waya. Ikiwaka, kuna kitu kinanyonya."

Alasiri ile umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, lakini kibandani kwa Raymundi redio ilirindima na mashine ya kunyolea ilinguruma. Dafrosa alifungua boneti, akashika spana, akauchomoa waya. Redio ikanyamaza.

"Raymundi, mbona umeniacha nusu kichwa?" mteja aliuliza.

Dafrosa akaurudisha waya. Redio ikaimba. Akauchomoa tena, ikakoma. Taa ya fundi haikuhitajika. Aliinama akapapasa chini ya gari hadi akaukuta waya mweusi, umefungwa vizuri, ukitokea nyuma ya gari na kuchomekwa kwenye waya mwingine uliopita tundu la ukuta wa kibanda.

"Tangu lini?" alimuuliza mdogo wake.

"Dada, umeme unakatika mno. Wateja wangenikimbia."

"Mama alipokosa matibabu, ulijua sababu?"

"Nilijua, dada."

"Na Masolwa?"

"Ningesemaje, na wewe umeshakasirika?"

"Hasira hiyo ulinipa wewe," Dafrosa alisema. "Toa vyombo vyako kwenye ua wangu. Lakini kwanza utafuatana nami."

Walimkuta Masolwa zizini. "Baba Kulwa, nimekukosea," Dafrosa alianza.

"Ulinidhalilisha mbele ya wanangu," Masolwa alijibu bila kuacha kazi. "Hayo kayaseme palepale, nao wakisikia."

Wakakusanyika tena kwa balozi. Dafrosa aliyasema yote, na Raymundi akakiri, uso umemsawijika. Hakuna aliyepiga makofi. Masolwa aliwachukua watoto wake akaenda zake, na Dafrosa akabaki na aibu ambayo hakuna spana ya kuilegeza. Alikuwa amemwinda mwizi ng'ambo ya ua, kumbe amemlisha mezani kwake. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.