Makubadhi ya Bi Mashavu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Sema wewe!
Pakawa ngozi, ngozi ikawa kubadhi, kubadhi likawa safari. Haya, sogeeni. Wewe Riziki, kunja miguu, moto huo si kitanda chako.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wanasema na watu wana adabu ya kuwasikiliza, paliondokea mshona makubadhi, jina lake Kibwana. Alishonea nyumbani kwake, barazani. Mji mzima ulivaa kazi ya mkono wake, isipokuwa mtu mmoja. Nani? Mkewe, Bi Mashavu. Peku! Mke wa mshona makubadhi anakwenda peku!

Mnacheka nini? Babu yenu alikuwa seremala, na mlango wetu huo hapo mnauona.

Kibwana hakuwa mchoyo. Alimpenda mkewe sana. Kila mwaka alimwambia, "Nikimaliza haya ya watu, mke wangu, nitashona yako." Na Bi Mashavu akajibu, "Haya, mume wangu." Haya, haya, haya, mpaka wote wawili wakaota mvi.

Siku moja akaja mjumbe kutoka ng'ambo ya vilima vya mawe, mwendo wa siku tatu. Binti yao Mgeni, aliyeolewa huko, kajifungua mtoto wa kike, na leo ni siku ya ishirini! Na mila ya watu wale ilikuwa hivi: mtoto wa kwanza hupewa jina siku ya arobaini, na jina hilo hunong'onezwa sikioni na bibi mzaa mama. Bibi asipofika, jina hutolewa na yeyote aliyepo, na bibi hapati tena nafasi ya kulitoa.

Bi Mashavu akapiga vigelegele. Kisha akaitazama miguu yake. Mawe ya njia ile ni makali, na jua likipanda yanaunguza. Peku hayapitiki.

"Usiwe na wasiwasi," akasema Kibwana. "Safari hii, ya watu yatangoja."

Akafungua sanduku lake. Ndani yake, kwenye kitambaa, mlikuwa na kigezo, kipande chembamba cha ngozi chenye umbo la wayo. Alikikata siku ya harusi yao, alipouchora mguu wa bibi harusi, na tangu hapo hakukitupa. Akakibusu. Naam, alikibusu, mzee mzima!

"Mguu huu naujua kuliko wangu," akasema.

Akaloweka ngozi, akakata kwa kigezo, akashona. Toboa, pitisha, kaza! Semeni nami.
— Toboa, pitisha, kaza!

Siku tano, yakawa tayari. Bi Mashavu akavaa. Kisigino kikabaki nje, ukanda ukamuuma.

"Mazuri, mume wangu," akasema, "ila yananibana kidogo."

Kibwana akaenda kwa mbuzi zizini. "Mbuzi, ngozi niliyonunua ni ngumu, siyo?"

"Kibwana, Kibwana, kosa si la ngozi," akasema mbuzi, akaendelea kucheua.

Lakini Kibwana akatafuta ngozi laini zaidi, akakata kwa kigezo kile kile. Toboa, pitisha, kaza!
— Toboa, pitisha, kaza!

Siku tano nyingine. Bi Mashavu akavaa. Kisigino nje, ukanda unauma.

"Mazuri, mume wangu, ila yananibana."

Kibwana akamwendea paka, aliyelala juu ya kibunda cha uzi. "Paka, uzi wangu umevuta sana, siyo?"

"Kibwana, Kibwana, kosa si la uzi," akasema paka, akajigeuza ubavu wa pili.

Lakini Kibwana akapaka uzi nta upya, akatandika sufi ndani ya makubadhi ili yawe laini kama mto, akakata kwa kigezo kile kile. Kichwa kigumu! Toboa, pitisha, kaza!
— Toboa, pitisha, kaza!

Siku tano tena. Bi Mashavu akavaa. Kisigino nje, ukanda unauma. Safari hii hakusema mazuri. Aliketi chini, akasema taratibu, "Mume wangu, mwenye kosa ni mimi. Miguu yangu imeharibika. Mwache Mgeni, jina watatoa wengine."

Kibwana akatoka nje, machozi yanamlenga. Zilibaki siku tano kufika arobaini, na tatu kati ya hizo ni za njiani.

Chini ya mtungi, palipokuwa na ubaridi, alikaa kobe. "Kobe," akasema Kibwana, "kosa ni la sufi?"

"Kibwana, Kibwana, kosa si la sufi," akasema kobe. "Unajua mkeo anafanya nini kila jioni?"

"Sijui."

"Anaketi hapa nyuma na beseni la maji ya chumvi. Analoweka miguu ili ipungue, iingie katika makubadhi yako. Wewe unaloweka ngozi, yeye analoweka miguu."

Kibwana akashika kichwa.

"Mimi hili gamba," kobe akaendelea, "nilipokuwa mdogo lilikuwa dogo. Tumekua pamoja. Ningelazimishwa kuvaa la utotoni, si ningekufa? Kapime mguu uliopo."

Kibwana akakimbia nyuma ya nyumba, akamkuta kweli, miguu iko ndani ya beseni. Akapiga magoti.

"Mke wangu, nisamehe. Nimekuwa nikimshonea bibi harusi, na wewe ndiye uliyenipikia miaka yote hii. Toa mguu."

"Umevimba, umepasuka, usiutazame."

"Nataka huo huo uliovimba. Umechota maji, umebeba kuni, umemfundisha Mgeni kutembea. Simama juu ya ngozi."

Bi Mashavu akasimama. Kibwana akauchora mguu jioni ile ile, ukiwa na uchovu wake wote. Akakata upana wake, urefu wake, na nafasi ya kile kidole kilichopinda. Kesho yake akashona kutwa nzima. Na kile kigezo cha harusi? Hakukitupa. Alikitia katikati ya nyayo mbili za ngozi, akashona juu yake.

Bi Mashavu akavaa. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Akacheka mpaka kobe akaingiza kichwa ndani.

Alfajiri wakaondoka wote wawili. Mawe yalikuwa makali, mawe yaliunguza, Bi Mashavu akayapita. Siku ya arobaini, mmoja wa waliokuwapo akiwa ameshafungua kinywa kutoa jina, akasikia, "Hodi!" Bibi kafika! Akampakata mtoto, akamnong'oneza sikioni. Kisha akafungua bunda lake, akatoa jozi tatu za makubadhi, yale yale yaliyombana. "Haya yako," akasema. "Utayakuta mguu wako ukifika hapo. Ukiyapita, mwambie babu yako akupime upya."

Jina gani? Mimi sikuwa karibu na sikio.

Basi, wanangu, ukimpenda mtu, mpende alivyo leo. Wa zamani mweke moyoni, ila vipimo chukua vya huyu aliye mbele yako.

Ngano niliivaa nikaja nayo, sasa naivua. Atakayeenewa na aivae. Na wewe Riziki, inuka, umekalia ndara zangu.